Kupanga Chumba na Kuishi na Watu: Ushauri kwa Wanaokuja Kusoma Lamu

Kila inapokaribia Januari, Mei au Septemba, miezi ambayo vyuo vya kiufundi hupokea wanafunzi wapya, mimi hupigiwa simu na vijana wa Witu, Mpeketoni na Garsen waliopata nafasi ya kusoma Lamu, na karibu wote huanza kwa kuuliza kodi ya chumba ni kiasi gani. Mimi huwasihi waulize kwanza mwenye nyumba ni nani na wapangaji wenzao ni akina nani. Chuo kikiwa kidogo, na bweni likiwa halitoshi au halipo kabisa, nyumba unayopanga ndiyo inayoamua utajuana na nani, utakula wapi, na ukiugua usiku ni nani atakayekugongea mlango asubuhi. Nimesoma hapa, nimepanga katika mitaa ya Langoni na Kandahari, kisha nikapata kazi nikabaki, kwa hiyo nasema niliyoyaona.

Jengo lenyewe lina mambo yake. Nyumba za Mji wa Kale, ambao UNESCO iliutia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, na kuta zake nene huzuia joto la mchana. Hata hivyo vyumba vya chini huwa na giza na unyevu, na chokaa hupukutikia vitabu. Chumba cha juu kilichoezekwa makuti hupata upepo mzuri wa kusi, lakini kusi hiyohiyo huja na mvua za masika. Basi kabla hujalipa, panda mchana, ulale chali uyatazame makuti, na ukiona nuru inapenya, mwambie mwenye nyumba ayarekebishe kwanza. Vyumba vya matofali na mabati vilivyo nje ya mji wa mawe mara nyingi huwa na kodi nafuu, ila kaskazi inapolegea mwezi wa Machi, kusoma chini ya bati saa nane mchana ni adhabu. Mwenye uwezo wa kuchagua namshauri achukue chumba cha juu katika nyumba ambayo familia ya mwenyewe inaishi chini, hata kama kodi imezidi kidogo.

Maji na stima ndiyo chanzo cha ugomvi mwingi kati ya wapangaji. Maji ya mfereji ya mji huu hutoka katika visima vya vilima vya mchanga vya Shela, na maji ya visima vya majumbani mara nyingi huwa ya chumvi, kwa hiyo uliza tangi liko wapi na ni nani anayehakikisha limejaa. Kuhusu stima, nyumba nyingi za zamani zina mita moja ya tokeni kwa vyumba vyote. Katika nyumba moja niliyokaa, stima ilikatika karibu kila usiku, na kila mmoja wetu aliapa kwamba yeye ndiye aliyenunua mara ya mwisho. Bi mwenye nyumba alipochoka, alitundika daftari kwa uzi kando ya mita, akatuita sote uani. "Wanangu, mimi sitaki kuwa hakimu wa taa," alisema. "Anayenunua aandike jina, tarehe na yuniti, na mwenye pasi aongeze chake." Tangu siku hiyo sikusikia tena mtu akigombana kwa ajili ya tokeni, na kila nyumba niliyohamia baadaye nilinunua daftari kama lile.

Vijana wengi hukwepa nyumba ambayo mwenyewe anaishi humo humo, wakiogopa masharti: mlango wa nje hufungwa saa nne usiku, na mgeni wa kiume hapandi kwa wasichana wala wa kike kwa wavulana. Nayaona masharti hayo kuwa ni kinga, hasa kwa msichana aliyetoka mbali na asiye na jamaa mjini. Tena mwenye nyumba anayekuona kila siku ukienda chuoni na kurudi ndiye atakayekusubiri fedha zako zikichelewa. Bodi ya mikopo ya wanafunzi, HELB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1995, hukopesha pia wanafunzi wa vyuo vya kiufundi, lakini muhula unaweza kuanza kabla mkopo haujaingia. Mwendee mwenye nyumba mapema, kabla siku ya kodi haijafika, umwambie hali ilivyo. Na ukilipa, lipa kwa M-Pesa hata kama mnaishi mlango mmoja, ili ujumbe ubaki katika simu zenu nyote wawili.

Kuhusu mwenzako wa chumbani, nina rai ambayo huwashangaza wengi: usikae na rafiki yako mkubwa wa darasani. Darasa lenye watu ishirini ni nyumba ya pili, na mkikosana kwa sababu ya sufuria isiyooshwa, mtakutana asubuhi hiyohiyo kwenye benchi moja mkiwa mmenuniana, na darasa zima litagawanyika. Tafuta mtu wa kozi nyingine au wa mwaka wa mbele yako. Huyo atakupa marafiki usiowajua, na maelezo yake ya masomo ya zamani pia yatakufaa. Mambo ya mapenzi ni hayohayo: mkiachana hamna pa kukimbiana, basi yaendee taratibu.

Jambo linalowaumiza wageni kuliko yote ni mwisho wa juma. Ijumaa jioni mashua za kwenda Mokowe, upande wa bara, hujaa wanafunzi wanaorudi kwao, na Jumamosi chuo huwa kimya kabisa. Anayerudi nyumbani kila wiki humaliza mwaka akiwa anajuana na watu wa darasani peke yao. Mwezi wa kwanza jizuie, ubaki. Nenda uwanja wa Mkunguni, mbele ya Ngome iliyojengwa kati ya 1813 na 1821, uketi pale jioni. Tafuta timu ya mpira ya mtaani. Na ukipita vichochoroni, usipite baraza yenye watu bila kutoa salamu. Wazee wa barazani watakuuliza wewe ni mtoto wa nani na umetoka wapi, nawe wajibu kwa adabu hata kama umechoka, maana wao ndio watakaowaambia wengine kwamba huyu ni mwanafunzi wetu. Mimi kazi yangu ya kwanza niliipata kupitia mzee niliyekuwa nikimwamkia tu, kila asubuhi, nikielekea darasani.

Asiye Mwislamu ajiandae na mwezi wa Ramadhani, kwa sababu mchana hatapata chakula mikahawani kwa urahisi. Apike chumbani na ale ndani. Magharibi huenda jirani akamletea sahani ya futari, na sahani hiyo isirudishwe tupu, hata kama ni tende tatu au maandazi machache. Maulidi nayo huleta wageni wengi mjini, na huenda mwenye nyumba akakuomba umpokee jamaa yake chumbani kwa siku kadhaa. Mkubalie ukiweza, lakini mwelewane siku ngapi.

Limebaki suala la miezi ya mafunzo ya kazini, ambapo wengi hupelekwa Mombasa au Malindi na chumba hubaki kitupu huku kodi ikiendelea kuhesabiwa. Lizungumzeni siku ile ile ya kuingia: je, utalipa nusu, utamweka mwanafunzi mwingine kwa muda, au utatoa vitu vyako na kurudishiwa amana? Mkikubaliana, liandikwe kwenye karatasi mbili, moja ibaki kwake na nyingine kwako.