Maswali ya Wasomaji: Kupanda na Kushuka kwa Chiranjeevi

Tangu minada ya korosho ilipofunguliwa msimu huu, barua zinazotufikia kutoka Mtwara na Lindi zinauliza kuhusu filamu za Kitelugu za India kuliko jambo lingine lolote, na jina linalojirudia ndani yake ni la mwigizaji Chiranjeevi. Tumechagua barua nne, tukazifupisha kidogo, na tunazijibu kwa kufuata mtiririko wa maisha yake ya kazi.

Swali: Shikamoo Mhariri. Hapa Chikongola, Mtwara mjini, kuna ubishi usiokwisha katika banda tunalotazamia picha. Wazee wanadai kuwa Chiranjeevi aliwahi kulipwa kumzidi Amitabh Bachchan. Sisi vijana tunamfahamu kama baba yake Ram Charan, yule wa filamu ya RRR. Je, wazee wanasema kweli? Na kama ni kweli, alishukaje?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Wazee wenu hawajakosea. Mwaka 1992 iliripotiwa kuwa Chiranjeevi alilipwa rupia milioni 12.5 kwa filamu moja, kiwango ambacho wakati huo kilimweka juu ya waigizaji wengine wote wa India, Bachchan akiwemo. Jambo lililowashangaza wengi ni kwamba yeye hakuwa mtu wa Bombay, kitovu cha filamu za Kihindi, bali alikuwa akiigiza kwa Kitelugu, lugha ya majimbo ambayo leo yanaitwa Andhra Pradesh na Telangana.

Hakufika hapo kwa kubebwa na ukoo. Alizaliwa tarehe 22 Agosti 1955 kijijini Mogalthur, baba yake akiwa askari polisi wa cheo cha chini, na filamu yake ya kwanza kuonekana kwa watazamaji ilitoka mwaka 1978. Miaka ile ya mwanzo hakuwa stelingi. Mara nyingi alipewa nafasi ndogo au nafasi za watu wabaya, na katika Idi Katha Kaadu ya mwaka 1979 aliigiza mume anayemtesa mkewe, uhusika ambao kijana mwenye kutafuta mapenzi ya watazamaji angeweza kuukataa. Iliyomtoa huko ni Khaidi ya mwaka 1983, alipocheza mfungwa mwenye hasira anayewatoroka polisi na kulipiza kisasi kwa walioiharibu familia yake. Kuanzia hapo alikuwa na vitu viwili ambavyo wenzake hawakuwa navyo kwa pamoja: mapigano yenye kasi, na uchezaji wa muziki ambao watazamaji wa Kitelugu hawakuwa wameuzoea kwa mwanamume anayecheza stelingi.

Ningependa vijana wa Chikongola wajue kwamba hata katika miaka yake ya kupanda alianguka, na baadhi ya maanguko hayo yanamheshimisha. Mwaka 1987 aliigiza fundi viatu katika Swayamkrushi, akapata tuzo ya Nandi ya mwigizaji bora. Mwaka uliofuata, yeye na mmoja wa wadogo zake walitoa Rudraveena, habari ya kijana mwanamuziki anayempinga baba yake kwa sababu ya ubaguzi wa matabaka. Filamu hiyo ilipata tuzo ya taifa ya kuhimiza umoja, lakini mapato ya mlangoni hayakurudisha gharama. Mtu aliyekwisha kujua kuwa mapigano na muziki vinaleta fedha alithubutu kuweka fedha za familia mahali pengine, na mimi namhesabia jambo hilo kuwa miongoni mwa mazuri yake.

Kisha ikaja Jagadeka Veerudu Athiloka Sundari, aliyoigiza pamoja na Sridevi. Ilianza kuonyeshwa tarehe 9 Mei 1990, siku ileile ambayo kimbunga kikubwa kilipiga pwani ya Andhra Pradesh. Wasomaji wetu wa Mtwara ambao Aprili 2019 walifungiwa shule na ofisi wakisubiri kimbunga Kenneth wanaweza kukisia ni nani angetoka nyumbani kwenda kutazama picha katika hali kama ile. Maji yaliingia katika kumbi, siku za mwanzo zikapotea, na wengi wakaamini kuwa fedha zimezama. Mvua ilipokatika watu walifurika, na filamu hiyo ikawa miongoni mwa zilizopendwa zaidi katika historia ya Kitelugu. Miaka miwili baadaye, katika Gharana Mogudu, alicheza mfanyakazi wa bandari ya Visakhapatnam anayemwoa tajiri mwenye kiburi. Hiyo ndiyo filamu ya kwanza ya Kitelugu kuwapatia wasambazaji zaidi ya rupia milioni 100.

Sasa nijibu sehemu ya pili ya swali lako. Alishuka kwa sababu kilichofanikiwa kilirudiwa mno. Baada ya Gharana Mogudu, kila mtayarishaji alitaka kijana wa mtaani anayemnyoosha mwanamke mjeuri au mama mkwe mkali, akicheza muziki kati ya vita viwili. Baadhi zilipata fedha, nyingine hazikupata, na mwaka 1995 Big Boss na Rikshavodu zikaanguka moja baada ya nyingine. Mwaka 1996 ukapita bila filamu hata moja ya Kitelugu ambayo yeye ni stelingi. Kwa mtu aliyewahi kutoa filamu zaidi ya kumi kwa mwaka mmoja, ukimya huo ulikuwa mzito, na magazeti hayakukawia kusema kuwa zama zake zimekwisha.

Alirudi Januari 1997 na Hitler, iliyotengenezwa upya kutoka filamu ya Kimalayalam ya jina hilohilo. Humo yeye ni kaka mkubwa anayewalea wadogo zake watano wa kike kwa ukali unaowatisha vijana wote wa mtaa. Hafukuzani na msichana kwa sehemu kubwa ya filamu. Anahesabu wadogo zake wanapoingia ndani, anagombana na wanaowachungulia, na anaumia pale ukali wake unapowaumiza wao. Akina mama waliokuwa wamechoshwa na zile picha za mama mkwe walirudi katika kumbi. Mwaka huo alikuwa na umri wa miaka 41, na kwa mara ya kwanza alikubali kuonekana mtu mzima.

Swali: Salaam, Mhariri. Mimi ni mama wa hapa Masasi na nilimpenda sana Chiranjeevi enzi za Indra. Baada ya hapo sikumwona tena kwa muda mrefu. Niliambiwa aliingia katika siasa na akashindwa. Ilikuwaje?

Jibu: Salaam, dada yangu. Indra ilitoka mwaka 2002 na ilikuwa kilele kingine, ikafuatiwa na Tagore na Shankar Dada M.B.B.S. Mwaka 2007 akaacha kuigiza kama stelingi, na tarehe 26 Agosti 2008, mbele ya umati mkubwa mjini Tirupati, akatangaza chama chake cha Praja Rajyam. Katika uchaguzi wa mwaka 2009 chama hicho kilipata viti 18 tu kati ya 294 vya bunge la jimbo. Yeye mwenyewe aligombea katika majimbo mawili ya uchaguzi, kama sheria ya kule inavyoruhusu: Tirupati akashinda, na Palakollu, ambayo iko jirani na kijiji alichozaliwa, akashindwa. Mwaka 2011 alikiunganisha chama chake na Congress, chama kilichokuwa kikiongoza serikali kuu ya India, na kuanzia Oktoba 2012 hadi 2014 alikuwa waziri wa nchi anayeshughulikia utalii katika serikali kuu.

Kwa hiyo hakuambulia patupu, lakini alilolitaka hakulipata. Maoni yangu ni kwamba umati uliomfuata katika mikutano ulikuwa umekuja kumwona stelingi, na stelingi akishaonekana watu hurudi nyumbani na kumpigia kura wanayemjua kwa shida zao za kila siku. Siwalaumu wapiga kura wa Palakollu. Naona pia kwamba kazi yake bora zaidi kwa jamii aliifanya kabla ya siasa, mwaka 1998, alipoanzisha benki ya damu na ya macho mjini Hyderabad na kuwageuza mashabiki wake kuwa wachangiaji damu. Mdogo wake mwingine, Pawan Kalyan, alipitia njia hiyohiyo akishindwa vibaya mwaka 2019, ila yeye alivumilia, na tangu Juni 2024 ni naibu waziri kiongozi wa Andhra Pradesh.

Swali: Mhariri, heshima yako. Nina banda la video hapa Lindi mjini. Nilipoonyesha Khaidi No. 150 iliyotiwa sauti ya Kiswahili, watu walikaa hadi chini. Nilipoleta Acharya wakaondoka kabla haijaisha, na Bhola Shankar hawakuitaka kabisa. Mwigizaji ni yuleyule. Je, ni uzee?

Jibu: Ndugu yangu, swali lako ni zuri kwa sababu limetoka kwa mtu anayekaa mlangoni na kuona nyuso za wanaotoka. Jibu langu ni hapana, si uzee, na nitakueleza sababu.

Khaidi No. 150 ilitoka tarehe 11 Januari 2017, karibu na sikukuu ya mavuno ya Sankranthi. Alikuwa na miaka 61 na hakuwa amecheza stelingi kwa takribani miaka kumi. Ilitengenezwa upya kutoka Kaththi ya Kitamil, na humo anacheza watu wawili wanaofanana: mwizi mjanja, na msomi anayewatetea wakulima wazee dhidi ya kampuni inayotaka ardhi na maji yao. Sishangai kwamba watu wa Lindi waliipokea, kwani habari ya mkulima na anayemnunua kwa ujanja haihitaji mtafsiri mahali ambapo kila mtu anaijua kangomba, ule ununuzi wa korosho kinyemela kwa bei ya kumpunja mkulima. Watazamaji walimkosa, naye aliwarudia akiwa na jambo la kuwaambia.

Acharya ilitoka tarehe 29 Aprili 2022, ikamkutanisha na mwanawe Ram Charan. Kwa karatasi ilikuwa dhahabu. Lakini RRR ilikuwa imetoka mwezi mmoja tu kabla yake, tarehe 25 Machi, na waliomwona Ram Charan katika moto ule hawakuweza kuridhika na hadithi inayotembea polepole kuhusu mji wa hekalu na wanaotaka kuunyakua. Hapa inafaa kueleza jinsi biashara ya kule inavyokwenda. Wasambazaji hununua haki za kuonyesha filamu kwa kila eneo kabla haijakamilika, mithili ya mtu anayenunua korosho zikiwa bado maua, na bei hupandishwa na jina la stelingi. Jina likiwa kubwa mno na siku tatu za kwanza zikiwa mbaya, anayeumia kwanza ni msambazaji na mwenye ukumbi. Ndiyo maana anguko la mtu kama yeye huwa na kelele kuliko anguko la mwigizaji wa kawaida, hata kama waliotazama si wachache.

Januari 2023 aliinuka tena na Waltair Veerayya, akiwa mvuvi mcheshi wa Visakhapatnam, na ilipata mafanikio makubwa. Miezi saba baadaye, tarehe 11 Agosti, ikaja Bhola Shankar. Hiyo nayo ilitengenezwa upya, kutoka Vedalam ya Kitamil ya mwaka 2015, ikimwonyesha kama dereva wa teksi mjini Kolkata anayemlinda mdogo wake wa kike. Nafasi ya huyo mdogo ilichezwa na Keerthy Suresh, aliyekuwa na miaka 30, na Chiranjeevi alikuwa karibu kutimiza 68. Kaka wa Hitler aliaminika mwaka 1997. Kaka huyu hakuaminika.

Kuna tofauti nyingine ambayo naiona kubwa zaidi. Mwaka 1997 mtazamaji wa Kitelugu hakuwa na njia rahisi ya kuiona Hitler ya Kimalayalam, kwa hiyo kilichotengenezwa upya kilikuwa kipya kwake. Kufikia 2023, filamu ya lugha jirani inapatikana katika simu ikiwa imetiwa sauti, na watu walijua Bhola Shankar itaishaje kabla ya kulipa kiingilio. Naamini hata wateja wako wa Lindi, wenye flashi zilizojaa picha za Kitamil, walikuwa katika hali hiyohiyo.

Na kuhusu uzee, tazama kilichotokea siku moja tu kabla ya Bhola Shankar. Tarehe 10 Agosti 2023 ilitoka Jailer ya Rajinikanth, ambaye alizaliwa Desemba 1950 na ni mkubwa kwa Chiranjeevi kwa karibu miaka mitano. Alicheza babu mstaafu anayeishi na mjukuu wake, akawa anapigana kwa akili na kwa kuwatuma wengine. Filamu hiyo ilijaza kumbi, zikiwemo za eneo la Kitelugu. Watu hawakumkataa mzee. Walimkataa mzee anayecheza nafasi iliyoandikwa kwa kijana. Kwa hiyo ukiletewa picha yake mpya, ulizia kwanza anacheza nani, ndipo uamue kama utaitangaza kwa spika.

Swali: Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari Nachingwea. Je, Chiranjeevi bado anaheshimiwa kwao? Na nianze na filamu zipi?

Jibu: Marahaba. Anaheshimiwa sana. Mwaka 2024 alipewa Padma Vibhushan, nishani ya pili kwa ukubwa kwa raia wa India, na Septemba mwaka huohuo Guinness ilimtambua kwa mitindo 24,000 ya kucheza katika nyimbo 537 za filamu 156. Anza na Swayamkrushi ili umwone akiigiza bila silaha, kisha Gharana Mogudu, kisha Hitler. Ukishazimaliza, tazama Khaidi ya mwaka 1983 na Khaidi No. 150. Namba hiyo iliwekwa kwa sababu ilikuwa filamu yake ya 150, na hadithi yake haiendelezi ile ya zamani, kwa hiyo unaweza kuanza na yoyote kati ya hizo mbili.