Mteja Aliyeniita Mchezaji Sasa Ananipa Oda Kila Mwezi

Msomaji mmoja ameniandikia: "Kaka, nina printa ya 3D lakini watu wananiletea sampuli tu. Oda za kiwandani napataje?" Ujumbe umenikuta na furaha, maana nimetoka kusaini oda ya kila mwezi ya vishikio vya nyaya vya nailoni. Aliyenipa oda ndiye aliyewahi kusema mbele ya mafundi wake kwamba printa hii, inayojenga kitu tabaka juu ya tabaka, ni mchezo, kazi yenyewe hufanywa kwa kalibu, yaani umbo la kumiminia plastiki. Wale mafundi walicheka. Sijasahau.

Tena hakuwa peke yake. Tangu mvumbuzi Mmarekani Chuck Hull apate hataza ya mashine ya kugandisha resini ya majimaji kwa mwanga, mwaka 1986, viwanda vilizoea kuichukulia teknolojia hii kuwa ya kuonea umbo kabla ya kazi halisi. Halafu kampuni ya Marekani ya GE ikachapisha pua ya kunyunyizia mafuta ya injini ya ndege iitwayo LEAP: vipande kama 20 vikawa kimoja, uzito ukapungua kwa robo. Kufikia 2018 kiwanda chao cha Auburn, Alabama, kilikuwa kimeshatoa pua 30,000. Huo nao ni mchezo?

Mteja wangu alirudi kwa shida. Mashine zake ni za zamani, vishikio vinakatika, na aliyekuwa akivitengeneza ameacha. Kalibu inakula pesa nyingi kabla hujapata hata kipande kimoja, kwa hiyo inalipa ukitoa maelfu. Yeye alitaka vichache, tena vya saizi tofauti. Hapo ndipo printa inapokaa vizuri, ndugu yangu. Ndiyo maana hata magamba ya vifaa vya kusaidia kusikia siku hizi huchapishwa: kila sikio lina umbo lake.

Alichukua vipande kutoka kila mzigo niliochapisha, akatoa vernia, akapima tundu moja baada ya jingine bila kusema neno. Sampuli ikizidi nusu milimita unaipiga tupa, unasonga mbele. Kwenye oda, kipande cha mwisho kikitofautiana na cha kwanza, mzigo wote unarudi. Vyangu vililingana. Akaniuliza nailoni naihifadhi wapi, nikajua tumeanza kuongea biashara.

Na nailoni ndiyo inayowaumbua wengi. Inanyonya unyevu hewani; ikifika kwenye pua ya moto ya printa utaisikia inatatarika, na kipande kinatoka na vishimo, kinyonge kwenye maungio ya tabaka. Ikaushe kabla ya kila kazi, na ichapishe ikiwa ndani ya kisanduku kilichofungwa. Andika joto, kasi, mzigo wa malighafi na vipimo vilivyotoka. Andika kila siku, hata siku ambayo hakuna aliyekuuliza. Vijana mnakimbilia printa ya pili wakati ya kwanza haina hata daftari! Mnataka kuheshimiwa kiwandani, na hamwezi kueleza kipande cha jana kilichapishwa kwa joto gani.

Basi, anza hivi: tafuta kiwanda chenye mashine kuukuu, omba kipuri kimoja cha plastiki kisichobeba usalama wa mtu, wapelekee vipande vya mizigo mitatu tofauti pamoja na karatasi ya vipimo. Bei yako ihesabu pia muda wa kung'oa nguzo za muda zinazoshikilia kipande kikichapishwa, kusugua na kupima. Huko ndiko siku yangu inakoishia, printa yenyewe inajiendea.