Nyuki weusi kwenye nguzo ya mzinga

Kaka wa Pangani uliyeuliza kama uwamwagie mafuta ya taa nyuki weusi wakubwa wanaotoboa nguzo ya mzinga wako, ukidhani wanaiba asali: usiwamwagie. Hawaibi asali. Wanakula mbochi (maji matamu ya maua) na chavua, tundu ni la kutagia. Anayeelea mbele ya uso wako akikutisha kwa kawaida ni dume, hana mwiba! Na kama una pesheni shambani, hao ndio wachavushaji wake hasa.

Mimi ninachoogopa ni nguzo yenyewe, isije ikaanguka na mzinga kwa hayo matundu. Ukiona unga wa mbao chini yake, isukume kidogo. Ikicheza, hamishia mzinga kwenye mkorosho, utundike kwa waya, jioni, moshi tayari, usiwe peke yako. Huna mavazi ya kinga? Mwite afisa nyuki wa wilaya. Ukiumwa ukavimba uso au pumzi ikabana, hospitali mara moja.