Kabla hujachagua mirolesi, anza na lenzi

Watu wananiuliza sana wanunue kamera gani ya mirolesi, yaani ile isiyo na kioo cha kuakisi ndani, Sony au Canon, Nikon au Fujifilm, na mi kila mara naishia kuuliza kwanza unataka kupiga nini na lenzi gani itakufanyia hiyo kazi. Manake bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, za daraja moja zimekaribiana mno. Chukua Sony a7 III na Nikon Z6, zote zilitoka 2018, zote fulu fremu (sensa inayonasa picha ni kubwa kama fremu ya filamu ya 35mm), zote megapikseli 24, zote zina stabilaiza ya kutuliza mtikisiko ndani ya bodi. Nimepiga nazo zote, na picha zikishakuwa kwenye kompyuta sioni sababu ya watu kugombana.

Tofauti kubwa iko kwenye maunti, pale lenzi inapofungwa kwenye bodi. Bodi utakuja kubadilisha, ila ukishakuwa na lenzi tatu nne kuhama ni gharama kweli kweli. Maunti ya Sony E ipo toka 2010 na waliwafungulia milango watengenezaji wengine wa lenzi mapema, ndo maana Sigma na Tamron wamejaa huko, mpya kwa used. Canon RF ilianza 2018, lenzi zao wenyewe ni tamu sana lakini zile kubwa zina bei, na Canon walipowaruhusu Sigma na Tamron kutengeneza lenzi za RF 2024, zilianza lenzi za sensa ndogo ya APS-C. Kwa mtu ambaye bajeti inambana na anataka fulu fremu, mi hapo namwambia aende Sony bila kuzunguka.

Ila kama una lenzi za zamani za Canon EF usikimbilie kuuza, adapta yao ya kwenda RF haina vioo vya lenzi ndani na fokasi inafanya kazi vizuri tu. Kwa Nikon kuwa makini, adapta ya FTZ, ile ya kufunga lenzi zao za zamani kwenye bodi za Z, haina mota, kwa hiyo zile lenzi za AF-D zinazozungushwa na mota ya bodi utafokasi kwa mkono.

Kitu kingine ambacho watu wanakipita haraka ni shata ya elektroniki, inayopiga picha bila pazia la kamera kusogea. Ile ya kimya kabisa inavutia, lakini kwenye bodi nyingi sensa inasomwa mstari kwa mstari, sasa ukiingia ukumbini kwenye taa za LED unakuta picha ina mistari mistari ya giza, na kitu kinachokimbia kinapinda. Mi nikiwa chini ya taa nisizozijua narudi kwenye shata ya kawaida, kelele yake tutaivumilia. Sony a9 III ya 2023 imelimaliza hilo kwa kusoma sensa yote kwa mpigo, lakini ile ni bei nyingine kabisa.

Memori kadi, kama unalipwa kupiga tukio lisilorudiwa tafuta bodi yenye sloti mbili, basi. Z6 ina moja, Z6 II ina mbili. Betri pia, kwa kipimo cha CIPA, chama cha watengenezaji kamera Japani, ukitumia skrini ya nyuma a7 III inapewa picha 710 na Z6 380, japo ukipiga mfululizo zote zinavuka hapo.

Halafu mkono wako jamani! Fujifilm kwenye bodi zao nyingi wanaweka spidi ya shata na ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) kwenye vitufe vya kuzungusha hapo juu, mi napenda sana manake naona setingi hata kamera ikiwa imezimwa, mwingine itamkera. Na bodi ndogo ukiifunga lenzi nzito, kidole cha mwisho kinaning'inia hewani na mpaka jioni kiganja kinauma, hiyo huioni kwenye video za ulinganisho.

Kwa hiyo azima au kodi ile bodi pamoja na lenzi utakayonunua, sio lenzi yoyote tu, nenda nayo kwenye mwanga mbaya kuliko wote unaofanyia kazi, piga mtu anayetembea kuja kwako, kisha kuza picha uangalie fokasi imekaa kwenye jicho au kwenye sikio.