Ufizi Unaoizunguka Titani: Kwa Mnaoanza Kazi Kliniki ya Meno

Mgonjwa aliyepandikizwa jino atakuuliza, "Sasa nisugue na nini?" Usikimbilie kumtajia mswaki. Mwombe afungue kinywa kwanza, uone nafasi zilizo kati ya meno yake.

Jino la kuzaliwa nalo limeshikana na ufizi kwa nyuzinyuzi zilizojichimbia mzizini. Kwenye titani, yaani madini ya skrubu inayopandikizwa mfupani badala ya mzizi, nyuzinyuzi hizo hupita kando tu, kwa hiyo ukoga ukilala pale, uvimbe hushuka upesi hadi mfupani. Tena mara nyingi hapaumi. Dalili ya mapema ni damu wakati wa kupiga mswaki, na hapo ndipo wengi wanapoacha kuugusa upande ule. Nawasihi sana, msichoke kulieleza hili: ufizi mara nyingi hutoka damu kwa sababu ya ukoga uliobaki, kwa hiyo aendelee kusafisha, kwa mkono mwepesi. Damu isipokoma, au akiona usaha, arudi kwa daktari.

Mswaki uwe laini, wa kichwa kidogo, ushikwe kwa vidole kama kalamu. Ukikamatwa kwa kiganja chote nguvu huzidi. Nyuma ya jino la mwisho unafaa ule wa kishungi kimoja. Brashi ndogo za katikati ya meno ndizo zinazotaka macho yako zaidi. Waya wake uwe umefunikwa plastiki, kwani waya mtupu hukwaruza titani, na ukoga hupenda palipokwaruzika. Brashi ipite ikigusa pande zote bila kusukumwa. Mtu mmoja anaweza kuhitaji saizi mbili. Chini ya daraja, yaani meno ya bandia yaliyounganishwa kuziba pengo, atumie uzi wenye sehemu ya sponji. Dawa ya meno ya mkaa aiache, inaparuza. Dawa ya kusukutua yenye klorheksidini ni ya muda mfupi, kwa maagizo ya daktari. Ikizoeleka hutia meno rangi ya kahawia.

Wazee wetu watauliza kuhusu mswaki wa mti, ule unaouzwa nje ya misikiti. Msiwakataze, kwa wengi ni sunna. "Mzee, uloweke kwanza, nyuzi zilainike, kisha uvute kutoka kwenye ufizi kuelekea ncha ya jino." Ila mti hauingii katikati ya meno, kwa hiyo brashi ndogo bado anaihitaji.

Ukiandaa trei ya kusafisha jino la kupandikiza, weka vikwanguzi vya plastiki au vya titani. Vya chuma cha pua visiwepo, labda daktari mwenyewe avitake.

Kabla mgonjwa hajatoka, mpe kioo asafishe mbele yako. Brashi ikipinda, saizi imezidi: mbadilishie papo hapo, kisha umwandikie saizi inayomfaa kwenye kadi, asije akabahatisha famasi.