Makamu mkuu wa shule, ticha wa darasani na kocha: timu usiiachie, achia muhuri

Kila UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za sekondari Tanzania, ikianza kunukia napata meseji za walimu wenzangu, swali ni lile lile, nimepewa umakamu mkuu wa shule, vipindi bado ninavyo na timu ni yangu, nifanyeje, niiachie? Mimi niko sekondari ya kata, ni makamu, nafundisha Jiografia na timu ya mpira ya wavulana naifundisha mimi, kwahiyo naongea ninachokiishi. Usiiachie. Ila kuna vitu vya ofisini ambavyo ukiwa kocha lazima uvitoe mkononi mwako, na hapa ndipo watu huwa tunabishana.

Wengi wanadhani shida ni muda. Muda unapatikana bana. Mwambie mwalimu wa taaluma akupangie vipindi vya asubuhi kabla ya chai, maana ikishafika saa nne makamu hana chake, mara mzazi huyu hapa, mara mwalimu wa zamu kaleta watoro, mara halmashauri wanataka takwimu na wanazitaka sasa hivi. Saa kumi jioni funga ofisi nenda uwanjani, imeisha hiyo.

Shida kubwa ni kwamba unaanza kujikagua mwenyewe. Chukua fomu za wachezaji tu, picha, jina, kidato, alafu muhuri wa shule kuthibitisha kwamba huyu ni mwanafunzi wetu kweli. Kocha ndio anayejaza, na mkuu akiwa safarini muhuri uko kwenye droo ya nani? Yako. Hapo ndipo mamluki, yaani wachezaji wasio wanafunzi wa shule, wanapopenyea. Kuna jamaa wa mtaani kwetu alinifuata jioni moja na bodaboda, nyuma kapakia kijana ana ndevu kabisa, ananiambia "Ticha, huyu dogo mvalishe sare tu, mkoa mnafika." Nikamwambia kaka, huyu dogo ananizidi umri mimi. Tukacheka, ila angekuja kwa kijana mwenye sura ya kitoto na mimi nikiwa na njaa ya kombe sijui ingekuwaje, ndio maana fomu zangu anazihakiki mwalimu mwingine akiwa na rejista ya darasa mkononi, na muhuri anagonga mkuu mwenyewe hata kama itabidi tumsubiri siku mbili.

Nidhamu nayo ni hivyo hivyo na ndio ngumu kuliko zote. Kwa kanuni za mwaka 2002 viboko ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, visizidi 4, na vinaandikwa kwenye kitabu. Shule nyingi anayeteuliwa ni makamu. Sasa straika wako kakamatwa na simu wiki ya mechi, ukimsamehe shule nzima itasema ni kwa sababu ya magoli, ukimkazia wachezaji wenzake watasema unamfanya mfano, na vyovyote utakavyoamua hakuna atakayeamini umeamua kwa haki. Mwombe mkuu kwa barua kwamba kesi za wachezaji wako zisimamiwe na mwalimu wa nidhamu na kamati yake, wewe usikae hata kwenye kikao. Wakimfungia mechi mbili, unameza unatafuta straika mwingine.

Kitu kimoja nakipinga sana ni kumtoa mtoto kwenye timu kwa sababu kafeli Hesabu. Kufeli sio kosa la nidhamu jamani. Mtoto wa hivyo mara nyingi uwanja ndio kitu pekee kinachomleta shule, ukimtoa unampoteza kote kuwili. Sisi timu inakaa darasani nusu saa kabla ya mazoezi wanamalizia kazi walizopewa, mwalimu wa Hesabu akipata nafasi anapita, na ambaye daftari lake halijakaguliwa anaanza mazoezi kwa kuchelewa. Wanakimbizana na madaftari utadhani ni viatu vipya.

Hela usiguse kabisa. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016 huwezi kusimama mstarini asubuhi ukatangaza mchango wa jezi, na mzazi akijitolea mipira apokelewe na mkuu, iandikwe kwenye leja ya vifaa, wewe utie saini ya kuchukua tu. Nauli ya mechi ya kata pia ashike mwalimu mwingine. Unaweza ukawa msafi kama nini lakini kocha anayeshika hela ya timu huku ni makamu, stafu watamjadili tu.

Ofisi nayo inafaidika na uwanja. Mtoto akiwa anafunga kamba za viatu anakuambia vitu ambavyo ofisini hasemi ng'o, kwamba hajala tangu jana, kwamba baba kahama, kwamba fulani haji shule yuko mnadani anauza maji. Hilo la mwisho nililisikia wakati tunamwaga majivu kuchora mistari, kesho yake tukamfuata na mtendaji wa kijiji, akarudi.

Kwa timu ya netiboli hakikisha kuna mwalimu wa kike kwenye kila safari, hapo hakuna mjadala. Na kozi ya ukocha ya leseni D ya CAF, shirikisho la mpira wa miguu Afrika, ikitangazwa mkoani kwenu andika barua ya ruhusa kwa mkurugenzi mapema, ipitie kwa mkuu wa shule, na uambatanishe jina la mwalimu atakayeshika vipindi vyako.