Maswali yenu ya kubeti: nini hasa kinamfanya mtu aache

Wiki hii meseji nyingi zimekuja kuhusu kubeti kwenye simu, nimechukua nne.

Dereva boda, Mbagala: Kila nikiliwa naapa naacha, kesho yake niko tena kwenye kindege, ule mchezo wa kubeti wa Aviator. Mbona hasara hainiachishi?

Hasara yenyewe ndo inakurudisha kaka. Ukiliwa elfu ishirini huwazi kuacha, unawaza kurudisha, na hiyo hamu ya kurudisha hela ni moja ya dalili ambazo madaktari wanazitumia kabisa kutambua huu ugonjwa, tena Marekani tangu 2013 umewekwa kundi moja na uraibu wa pombe na madawa. Ni kweli wanaotafuta msaada wengi wanataja hela, ila ukimsikiliza mtu vizuri hiyo hela ina jina: ada ya mtoto, kodi, hesabu ya bosi wa pikipiki. Na wengine wamechoka tu kudanganya nyumbani kila siku. Wewe ya kwako inaitwaje? Usiseme "hela nyingi", taja kitu chenyewe, mbele ya mtu mmoja unayemuamini.

Mama wa wawili, Morogoro: Mume wangu nimemsema, nimeita wazee, nimetishia kuondoka. Anakubali yote alafu anaendelea.

Pole sana dada. Mtu ukimsema anajitetea, na kadri anavyojitetea ndo anazidi kujiaminisha kwamba hana tatizo. Mwanasaikolojia William Miller aliliandika hili 1983 akiwa anashughulika na walevi, akaja na njia ya kumuuliza mtu mpaka sababu za kubadilika azitoe mwenyewe kwa mdomo wake. Kwahiyo siku ametulia muulize, "kubeti unakupendea nini, na kumekukosesha nini?" alafu nyamaza, hata akichukua dakika tano kujibu we nyamaza tu, na atakachokitaja ndo mkishike hicho hicho, sio cha kwako wala cha wazee.

Madeni yake ya kausha damu usiyalipe kwa hela ya kikoba. Deni likipotea kimya kimya na sababu ya kuacha inapungua. Ila watoto wasiumie, ada lipa moja kwa moja shuleni na hela ya chakula isipite kwenye laini yake. Akianza kuongelea kufa hapo usisubiri chochote, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, Muhimbili wana madaktari wa afya ya akili na Dodoma ipo Mirembe.

Mwanachuo, Dodoma: Boom lote liliisha kwenye mikeka. Nimeacha, nia ninayo, ila mechi zikianza jioni nakosa raha kabisa. Kwanini nia haitoshi?

Kwa sababu nia inapanda na kushuka mdogo wangu, asubuhi iko juu saa mbili usiku haipo. Itumie ikiwa juu: omba kampuni ikufungie akaunti, futa app, toka magrupu ya Telegram ya mikeka, boom likiingia mpe dada yako akae nalo. Hamu ikija haidumi, ina kilele chake alafu inashuka, mara nyingi hata nusu saa haifiki, kwahiyo toka nje, simu iache ndani. Na ukiteleza siku moja usiseme basi nimeshaharibu, rudi kesho yake.

Bila jina: Jamaa anauza app ya kutabiri Aviator elfu thelathini. Nikirudisha hela zangu tu naacha.

Ni utapeli. Kila raundi inaamuliwa na kompyuta na haina kumbukumbu ya raundi iliyopita, na waliotengeneza mchezo wenyewe wanasema unarudisha wastani wa 97% ya hela zinazowekwa, sasa hiyo 3% inakatwa kwenye kila dau, ukizungusha hela ile ile mara mia ujue imebaki kidogo sana. Acha na deni likiwepo. Hiyo elfu thelathini kama bado unayo mpe leo leo mmoja wa wanaokudai.